Jinsi ya Kuanzisha Maktaba ya Mbegu Malindi na Kuiweka Hai

Maelekezo mengi yanayosambaa kuhusu maktaba za mbegu yaliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako mbegu hukaa rafuni miaka mingi na bado zikaota vizuri. Huku pwani haiwi hivyo. Hewa yetu ina joto na unyevu mwaka mzima, na mbegu iliyoachwa wazi huunywa unyevu huo kidogo kidogo hadi uhai wake ukaisha, mara nyingine kabla ya misimu miwili kupita. Kwa sababu hiyo maktaba ya mbegu ya Malindi haiwezi kuwa ghala la kurundikia tu. Ni lazima iwe mpango wa watu wanaochukua, wanaopanda na wanaorudisha kila mwaka, na chumba chenye chupa kiwe ni kituo ambapo mbegu hupumzika baina ya msimu mmoja na mwingine. Anayelielewa jambo hili tangu mwanzo ataepuka gharama nyingi, kwa maana atatumia nguvu zake katika watu na katika ukaushaji badala ya kuzimalizia kwenye rafu na majengo.

Haja yenyewe inajulikana na kila mkulima wa Magarini, Langobaya na Jilore. Mvua zikikosekana misimu mfululizo, kama ilivyotokea kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, chakula cha mwisho kilichobaki ndani ya nyumba huwa ni mbegu, na mama mwenye watoto hawezi kulaumiwa kwa kuipika. Mvua inaporudi, mkulima hupanda mbegu yoyote atakayoipata dukani au atakayopewa, iwe inaifaa ardhi yake au haiifai. Maktaba ya mbegu huzuia hali hiyo kwa njia iliyo nyepesi kabisa: mbegu ya nyumba moja huwa imekwisha kuwekwa katika nyumba nyingine kabla shida haijafika.

Watu kwanza

Kikundi cha kuanzia kisizidi kaya kumi na tano, na aina za mazao zisizidi tano. Najua tamaa ya kukusanya kila kitu mwaka wa kwanza ni kubwa, lakini kila aina inayoingia inadai shamba la kuilima upya, mtu wa kuikausha na mtu wa kuiandika, na kikundi kichanga chenye aina thelathini kitazipoteza nyingi kwa kukosa mikono. Ni afadhali kutumia kikundi kilichopo tayari, kwa mfano chama cha akina mama, jamaa wa msikiti mmoja au wa kanisa moja, au wazazi wa shule moja, kwa sababu maktaba inategemea uaminifu, na uaminifu hauanzishwi kwa mkutano mmoja.

Kikundi kikishakubaliana, kazi ya kwanza ni kuwatembelea wazee, hasa akina bibi, ambao katika nyumba nyingi ndio wanaochagua mbegu na kuzihifadhi. Wanaokwenda wabishe hodi, waamkie kwa heshima, wakae, na daftari wasilitoe haraka. Ukimuuliza mzee, “Una mbegu gani za kienyeji?” atakutajia mbili tatu na mazungumzo yataishia hapo. Swali linalofungua mengi ni lile linalogusa maisha yake: mwaka ule wa njaa mlipanda nini kikawahi kuiva? Kunde gani ulipewa na mama yako ulipoolewa? Mahindi gani hayaliwi sana na fukusi yakiwa juu ya meko? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoeleza thamani ya kila aina, nayo yaandikwe kwa maneno ya msemaji mwenyewe, awe anasema Kigiriama, Kiswahili au Kipokomo. Majina ya aina yaandikwe vilevile kama yanavyotamkwa kijijini.

Katika mahindi utasikia majina kama mdzihana, mengawa na kanjerenjere, ambayo ni mahindi ya pwani ya tangu zamani. Utasikia pia habari za kunde za kila rangi, pojo, mbaazi, fiwi, njugu mawe, ufuta na mtama. Habari za mtama na ufuta zisikilizwe kwa makini, kwa kuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya Malindi yalitoa mazao hayo kwa wingi na majahazi yakayapeleka hadi Bara Arabu, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa ambao ujuzi wao wa kilimo haukuandikwa na yeyote. Leo mahindi yameshika nafasi ya mtama katika sehemu nyingi. Ukimpata mtu ambaye bado ana mtama wa babu zake, hata kama ni mashuke machache, mwombe, na umhakikishie kuwa jina lake na la kijiji chake vitaandikwa pamoja na mbegu hiyo. Mboga nazo zisisahauliwe: mchicha wa kienyeji, mnavu, mgagani, bamia, mumunye na maboga ambayo majani yake huliwa.

Kinachoingia na kisichoingia

Si kila kinachopandwa kinaweza kuhifadhiwa katika chupa. Mbegu chotara za dukani zisipokewe kamwe, kwa sababu kizazi chake cha pili hutofautiana na mama yake: baadhi ya mimea itakuwa mirefu, mingine mifupi, na mavuno yatashuka. Jambo hili lisemwe wazi siku ya kwanza, kwani mtu anaweza kuleta mahindi mazuri kwa nia njema kabisa bila kujua kuwa ni chotara. Mpokeaji amuulize kila mleta mbegu ameirudia kuipanda mwenyewe kwa miaka mingapi. Kama imepandwa na kuchaguliwa nyumbani kwake misimu mingi na haibadiliki, ipokewe.

Mbegu za embe, fenesi na nazi hufa zikikaushwa. Mbegu ya mwarobaini nayo haidumu, hupoteza uotaji wake katika muda mfupi. Kwa miti kama hii maktaba haiweki mbegu bali huweka orodha ya miti mama, yaani mwembe gani wa boribo au wa ngowe uko wapi, mwenyewe ni nani, unazaa mwezi gani, na kama anaruhusu watu kuchukua kokwa au vikonyo vya kubebesha, yaani vya kuunganisha kwenye mche mwingine. Daftari la miti linaweza kuwa na manufaa makubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa vijana wanaotaka kuanzisha vitalu.

Muhogo na viazi vitamu huenezwa kwa vipando, na hapa inatakiwa hadhari. Magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia husafiri ndani ya kipando kutoka shamba moja hadi jingine, na pwani yetu imeathiriwa sana na michirizi ya kahawia. Muhogo wa kibandameno unapendwa kwa utamu wake lakini hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi, ilhali kaleso huuvumilia zaidi. Basi kabla ya kugawana vipando, kikundi kikague shamba la mtoaji muhogo ukiwa bado una majani, kisha kipasue mizizi michache. Ukionekana uozo mkavu wa rangi ya kahawia ndani ya mzizi, vipando vya shamba hilo visitoke. Watafiti wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, walioko Mtwapa wameufanyia kazi muhogo wa pwani kwa miaka mingi, na kikundi kinaweza kuwaendea kwa ushauri na kwa vipando safi.

Kukausha

Hii ndiyo sehemu ambayo maktaba nyingi za pwani zitafaulu au zitaanguka, nami nitaieleza kwa urefu.

Wanasayansi wa mbegu wana kanuni mbili zinazokumbukwa kwa urahisi. Kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, maisha ya mbegu huongezeka takriban mara mbili. Na kila joto la mahali pa kuhifadhia linaposhuka kwa nyuzi 5 za Selsiasi, maisha yake huongezeka takriban mara mbili pia. Malindi hatuwezi kulishusha joto bila umeme wa kudumu na gharama zake, lakini unyevu tunaweza kuushusha. Ndiyo maana nasisitiza kwamba fedha ya kwanza ya kikundi itumike kununulia vyombo visivyopitisha hewa, na kazi ya kwanza ya mafunzo iwe ni kukausha.

Wakati wa kuvuna mbegu una maana kubwa. Mazao ya masika huiva Julai na Agosti, wakati wa kusi, ambapo rasharasha huendelea na hewa ni nzito. Mbegu zinazovunwa wakati huo hukauka kwa shida na mara nyingi huota ukungu. Mazao ya vuli huiva Januari, upepo wa kaskazi ukiwa unavuma na jua likiwa kali. Kwa hiyo mazao ya muda mfupi kama kunde na pojo, ambayo huweza kupandwa misimu yote miwili, ni bora mbegu zake za maktaba zitolewe katika zao la vuli pale vuli inaponyesha vya kutosha, na zao la masika liwe la kula na kuuza. Mahindi na mbaazi hayatoi nafasi ya kuchagua hivyo, basi yaongezewe uangalifu.

Mbegu zianikwe juu ya mkeka au jamvi lililoinuliwa kitandani ili upepo upite juu na chini. Zisianikwe juu ya bati wala juu ya sakafu ya saruji wakati wa adhuhuri, kwa kuwa joto la sehemu hizo hupanda kiasi cha kuua kiini cha mbegu ilhali kwa nje inaonekana nzima. Jua la asubuhi hadi kama saa tano linatosha. Baada ya hapo zihamishiwe kivulini penye upepo, na jioni ziingizwe ndani kabla ya umande kushuka. Mbegu inayolala nje usiku mmoja huirudisha kazi ya siku nzima nyuma.

Hata hivyo jua peke yake halitoshi, na hili ndilo wengi hawaambiwi. Mbegu hukauka hadi zilingane na hewa inayozizunguka, na hewa ya Malindi haiziruhusu kufikia ukavu wa kukaa mwaka mzima bila hasara. Baada ya jua, mbegu ziingizwe katika chombo kinachozibwa vizuri pamoja na kitu kikavu zaidi kuliko zenyewe. Njia rahisi ni mchele. Mchele mkavu hukaangwa katika sufuria bila mafuta, kwa moto mdogo, huku ukikorogwa hadi ukauke kabisa na kubadilika rangi kidogo. Kisha huachwa upoe ndani ya chombo kilichofunikwa ili usinywe unyevu tena. Ukishapoa, hutiwa chini ya chupa kubwa kwa uzito usiopungua mara mbili ya uzito wa mbegu, hufunikwa kwa kitambaa, na mbegu zikiwa ndani ya mfuko wa nguo huwekwa juu yake, kisha chupa hufungwa kwa wiki mbili. Baada ya hapo mbegu huhamishiwa katika chupa yake ya kudumu, na mchele hukaangwa upya kwa kazi nyingine. Mkaa mkavu uliopondwa na majivu ya kuni yaliyochekechwa hufanya kazi hiyohiyo kwa nguvu ndogo zaidi.

Kujua kama mbegu imekauka, wenyeji wa Malindi tuna kipimo kilicho karibu nasi, kwani chumvi huvunwa Gongoni na Ngomeni. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mbegu hadi robo yake pamoja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika kumi hivi. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mbegu bado ni mbichi, yaani unyevu wake umezidi kiasi cha asilimia 15, zirudishwe mkekani. Chumvi isiposhika, mbegu zinaweza kuhamia hatua ya mchele. Kwa kunde na mahindi kuna kipimo cha jino pia: punje iliyokauka huvunjika kwa mlio, na ile mbichi hubonyea. Kipimo cha jino kinawafaa wazoefu. Wageni watumie chumvi.

Chombo na fukusi

Chupa za kioo zenye kifuniko cha kuzungusha na mpira ndani yake ndizo bora, na za jamu au asali zilizooshwa zinatosha. Madumu mazito ya plastiki yanafaa kwa mahindi. Mifuko ya karatasi na magunia havifai hata kidogo kwa hifadhi ya pwani, ijapokuwa vinafaa kwa kubebea mbegu siku ya ugawaji. Chagua chupa ndogo na uijaze hadi shingoni, kwa sababu chupa iliyojaa ina hewa kidogo, na mdudu aliyefungiwa humo hukosa pumzi na kufa kabla ya kuzaliana. Chupa kubwa inayofunguliwa kila mara huingiza hewa yenye unyevu kila inapofunguliwa. Ni bora chupa kumi ndogo, kila moja ikiwa na mgao wa mtu mmoja.

Fukusi wa kunde hutaga mayai kwenye maganda mbegu zikiwa bado shambani, kwa hiyo kunde inayoonekana safi siku ya kuvunwa inaweza kuwa na funza ndani yake. Kundi lenye jirani mwenye friza ya samaki limebarikiwa: mbegu zilizokwisha kukaushwa barabara kwa mchele, zikiwa ndani ya chupa iliyofungwa, zikikaa katika friza kwa wiki moja, mayai na funza hufa. Neno “zilizokwisha kukaushwa” lina uzito wake hapa, kwani mbegu yenye maji ikigandishwa hupasuka ndani na kufa. Chupa ikitolewa, isifunguliwe mpaka ifikie joto la chumbani, la sivyo mbegu zitalowa kwa jasho la kioo. Pasipo friza, majivu yaliyochekechwa yakichanganywa na kunde kwa ujazo ulio sawa humzuia fukusi kutembea na kutaga, na unga wa majani makavu ya mwarobaini husaidia. Masuke ya mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake na kutundikwa uchagani juu ya meko ni hifadhi ya asili ambayo bado inafaa, maana moshi huyakausha na kumfukuza mdudu. Maktaba inaweza kuzihesabu nyumba zenye uchaga kuwa sehemu ya hifadhi yake.

Chumba chenyewe kiwe chini ya makuti au ndani ya jengo la mawe lenye kuta nene, kwa maana chumba chenye paa la bati pasipo dari hugeuka tanuri mchana.

Kuchukua na kurudisha

Vikundi vingi hutumia kanuni ya kukopa kibaba kimoja na kurudisha viwili. Kanuni hii ina hekima yake, kwa kuwa ndiyo inayoikuza maktaba, lakini katika jamii yenye Waislamu wengi kama yetu inahitaji kuangaliwa kabla haijaandikwa. Mkopo ulioshurutishwa ziada ni riba, na nafaka haiko nje ya hukumu hiyo. Nimeona ni vyema kikundi kilizungumze jambo hili na imamu au sheikh wa mtaa mapema, kuliko kusubiri hadi baadhi ya wanachama wajitenge kimyakimya kwa sababu ya dhamiri zao.

Njia zisizo na utata zipo. Ya kwanza ni mkopo mwema: aliyechukua kibaba hurudisha kibaba, na akipenda kuongeza kwa hiari yake bila sharti, huhesabiwa kuwa ametoa sadaka. Ya pili ni kuitoa mbegu kama hiba, huku mpokeaji akiahidi kwa hiari kuchangia maktaba akijaliwa mavuno. Ya tatu, ambayo naipendelea zaidi, ni kuwa na shamba dogo la maktaba linalolimwa kwa zamu, ambalo mavuno yake yote ni ya maktaba. Mwenye ardhi anaweza hata kulitoa kuwa wakfu kwa ajili hiyo. Kwa njia hii ongezeko la mbegu hutoka ardhini na halitoki mfukoni mwa mkopaji. Kanuni hizi haziwasumbui wanachama Wakristo wala wafuasi wa mila, na huwapa wote amani.

Mavuno yakiharibika kwa ukame au kwa ndovu, deni lisamehewe na liandikwe kuwa limesamehewa. Asiyerudisha mara ya pili bila sababu asifedheheshwe mkutanoni. Atembelewe na mtu mzima wa kikundi, kwa kuwa mara nyingi sababu ni aibu ya kuwa mbegu ilipikwa.

Kila aina iwe na walezi watatu katika vijiji tofauti, kwa mfano mmoja Ganda, mmoja Kakuyuni na mmoja Mambrui. Walezi hawa hupanda aina hiyo kila mwaka hata kama hakuna mwingine aliyeichukua, na mafuriko ya Sabaki yakilifagia shamba la mmoja, wawili wengine hubaki.

Kulima kwa ajili ya mbegu

Kunde, pojo, fiwi, njugu mawe na nyanya hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo aina mbili zikipandwa kwa kutenganishwa hatua chache hazitachanganyika sana. Mlezi azikague wakati wa maua na wakati wa kukomaa, ang'oe miche isiyofanana na aina yake, na achague mbegu kutoka miche isiyopungua ishirini yenye afya. Bamia, biringani, pilipili na mtama huchanganyika kwa kiasi, zitengwe zaidi. Maboga huchavushwa na nyuki na aina zake huchanganyika sana, basi kila mlezi apande aina moja tu.

Mahindi ndiyo yenye taabu. Chavua yake hupeperushwa na upepo, na ili aina ibaki safi hutakiwa umbali wa mita 200 au zaidi kutoka kwa mahindi mengine, jambo lisilowezekana katika vijiji vyenye mashamba yaliyoshikana. Kuna njia mbili zilizo ndani ya uwezo wetu. Ya kwanza ni kutofautisha wakati: shamba la mbegu litangulie au lichelewe kwa wiki tatu au nne, ili mbelewele za majirani zisitoe unga wakati nywele za mahindi yetu zinapotokeza. Ya pili ni kuutumia upepo. Wakati wa masika kusi huvuma kutoka upande wa kusini na baharini, kwa hiyo shamba lililo upande huo wa mashamba ya wengine hupata chavua ngeni kidogo. Wakati wa vuli upepo unapogeuka kuwa kaskazi, upande unaofaa nao hugeuka. Pamoja na hayo, mbegu itolewe katikati ya shamba, mistari ya pembeni iachwe.

Mahindi yachaguliwe yakiwa bado yamesimama shambani, si katika lundo uani. Lundo linaonyesha ukubwa wa suke tu, ilhali mmea uliosimama unaonyesha kama ulivumilia ukame, kama haukuanguka, na kama suke lake limefunikwa vizuri na maganda kiasi cha kumzuia fukusi. Funga uzi kwenye mimea unayoipenda kabla ya kuvuna. Mbegu itoke katika mimea mia moja au zaidi, hata kama ni punje chache kwa kila suke, kwa kuwa mahindi yanayotolewa mbegu kwenye masuke machache hudhoofika kizazi baada ya kizazi. Mlezi mmoja asipokuwa na nafasi ya mimea mia, walezi wawili waunganishe mavuno yao.

Mboga hazihitaji maneno mengi. Biringani na mumunye viachwe vikomae kupita wakati wa kuliwa. Mbegu za nyanya zilowekwe ndani ya maji yake yenyewe siku mbili au tatu hadi utelezi uchachuke na kutoka, kisha zioshwe na kuanikwa. Mchicha ukatwe mbegu zinapokuwa nyeusi na kukung'utwa juu ya ungo.

Kupima uotaji na kuandika

Kila Februari, kabla ya ugawaji wa masika, chukua mbegu hamsini za kila chupa iliyobaki, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki uliofunguliwa kidogo, na uhesabu zilizoota baada ya siku saba. Zikiota arobaini au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota kati ya ishirini na tano na arobaini, mpokeaji aambiwe azipande kwa wingi zaidi katika kila shimo. Zikipungua ishirini na tano, zisigawiwe kwa mtu anayezitegemea kwa chakula. Zipelekwe kwa mlezi azilime upya msimu huohuo, maana mwaka ujao hazitakuwapo.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye karatasi na iwekwe ndani ya chupa, kwa kuwa wino na gundi vya nje haviwezi kuhimili unyevu. Iwe na jina la aina, kijiji, jina la aliyeitoa, mwezi na mwaka wa kuvunwa, na matokeo ya mwisho ya uotaji. Daftari kubwa liongeze habari za wazee, idadi ya siku za kukomaa, aina ya udongo, na wakati wa kupandwa. Wazee wanaohesabu mwaka kwa miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa Waswahili, waulizwe aina hiyo hupandwa mwongo wa ngapi, na jibu liandikwe kandoni mwa tarehe ya kawaida. Daftari lipigwe picha kwa simu kila baada ya ugawaji na picha zihifadhiwe na watu wawili.

Sheria, na nakala ya pili

Wanachama wataulizana kama kugawana mbegu kunaruhusiwa. Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326, hasa baada ya marekebisho ya 2012, iliwatia wakulima hofu ya kifungo na faini kwa kubadilishana mbegu ambazo hazijathibitishwa. Mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu mjini Machakos, katika kesi iliyofunguliwa na wakulima wadogo, ilitamka kuwa vifungu vilivyowaadhibu wakulima kwa kuhifadhi na kubadilishana mbegu zao za kienyeji vinakiuka Katiba. Katiba yenyewe ya 2010, katika Ibara ya 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za asili na matumizi yake na jamii za Kenya. Pamoja na hayo, maktaba isifungashe mbegu na kuziuza kwa jina la mbegu zilizothibitishwa, kwa kuwa uthibitishaji ni kazi ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mimea na mbegu, na isigawe aina za kampuni zinazolindwa kisheria. Ikibaki katika mbegu za kienyeji, na ikizitoa bila kuziuza, itakuwa katika njia iliyo salama.

Aina iliyokwisha kulimwa na walezi kwa misimu miwili na kuthibitika kuwa haibadiliki inafaa kuwekewa nakala nje ya Malindi. Benki ya taifa ya mbegu iko Muguga, chini ya KALRO, nayo hukausha mbegu kwa mitambo na kuzihifadhi katika baridi kali ambayo sisi hatuna. Kikundi kiwasiliane nao kabla ya kupeleka kitu, kiulize masharti ya upokeaji na hasa ya kurudishiwa mbegu siku itakapohitajika, na majibu hayo yaandikwe katika daftari. Mbegu za kupeleka zichukuliwe katika mavuno mapya, zisichanganywe za miaka miwili, na zisafiri zikiwa zimekaushwa kwa mchele ndani ya chupa iliyofungwa, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari unaoihusu aina hiyo, ukiwa na jina lake la kijijini na jina la bibi au mzee aliyeitoa, kama ameridhia litajwe.